Mahali Kwanza, Mtambo Baadaye

Wanachama wenzetu, tangu habari ya mtambo wa kutengenezea gesi ya naitrojeni ilipofikishwa katika matawi yetu, hapana baraza upitayo usiisikie ikizungumzwa. Wako wanaoifurahia, wako wanaouliza gesi hiyo ni kitu gani, na wako wanaotaka fedha zitolewe kesho asubuhi ili mashine iletwe kabla ya msimu. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatuupingi mtambo. Lakini tumesikiliza sana, na tumeona kwamba maneno yote ni ya mashine: bei yake, ukubwa wake, na nchi itakayotoka. Hatujamsikia hata mmoja akiuliza itakaa wapi, umeme wake utapatikanaje, hewa yake itasafishwa vipi, na mtu atakayefanya kazi kando yake atasalimika vipi.

Basi maoni yetu ni haya, na twayasema mapema ili lisije likasemwa kuwa tulinyamaza: Chama kisiagize mtambo mpaka mahali pake pawe tayari, na fedha za kwanza zitakazotoka katika mfuko wetu ziwe za mahali, si za mashine.

Jambo hili si geni kwetu. Nani katika sisi huwapandisha wachumaji mikarafuuni kabla hajatazama majamvi yake na sakafu yake ya kuanikia? Karafuu mbichi ikilala rundo wakati wa mvua hupata joto, huchacha, na rangi yake huharibika. Hapo kosa si la mkarafuu wala si la mchumaji. Kosa ni la mwenye shamba aliyechuma kabla hajatengeneza pa kuanikia. Mtambo nao ni vivyo hivyo.

Kwanza tuelezane namna unavyofanya kazi, maana mtu hawezi kulitolea rai jambo asilolijua. Hewa tuivutayo ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na sehemu ndogo iliyobaki ni argoni na gesi nyingine. Mtambo hauumbi naitrojeni. Huichuja kutoka katika hewa hii hii. Kompresa huivuta hewa na kuibana mpaka ifike mgandamizo wa bar 7 au 8 hivi. Hewa iliyobanwa hukaushwa na kuchujwa, kisha huingizwa katika mtungi mrefu uliojazwa punje nyeusi za kaboni zenye vitundu vidogo sana. Oksijeni hunaswa upesi katika vitundu hivyo, na naitrojeni hupita ikaenda tangini. Mitungi hiyo huwa miwili. Mmoja unapofanya kazi, wa pili hupunguziwa mgandamizo ili uitoe nje oksijeni uliyoinasa. Kisha, baada ya muda mfupi, hubadilishana zamu. Iko pia aina nyingine inayotumia nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani badala ya punje, lakini nayo hudai hewa safi, umeme wa kutosha na mahali pazuri kama hii ya kwanza.

Pili, wanachama wasiahidiwe yasiyokuwapo. Karafuu nzima iliyoanikwa ikakauka sawasawa, ile tuipelekayo katika vituo vya ZSTC, haina haja kubwa ya gesi hii. Wala karafuu mbichi haikaushwi kwa naitrojeni. Jua na majamvi vitabaki pale pale. Faida ya mtambo iko katika mazao mengine ambayo wengi wetu twayapanda baina ya mikarafuu: pilipili manga, mdalasini, hiliki, manjano na tangawizi. Viungo vikishasagwa, oksijeni huviondolea harufu upesi. Pakiti ikijazwa naitrojeni kabla ya kufungwa, harufu hukaa zaidi. Kadhalika mafuta ya makonyo yakikaa katika pipa lisilojaa, hewa iliyo juu yake huyageuza rangi kidogo kidogo, na naitrojeni ikiwekwa mahali pa hewa hiyo mafuta husalimika. Na wadudu wa ghalani huweza kuuawa bila sumu, endapo magunia yatafungiwa ndani ya hema la plastiki lisilovuja, oksijeni ikashushwa chini ya asilimia 1, na ikakaa hivyo siku nyingi, pengine wiki mbili na zaidi. Hili la mwisho si dogo. Wanunuzi wa nje wanazidi kupima masalio ya dawa katika viungo, na methili bromaidi, dawa ya mvuke iliyotumika maghalani miaka mingi, iliondolewa katika matumizi ya kawaida chini ya Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea zikiwekewa mwisho wake mwaka 2015.

Basi faida ipo. Lakini hata kabla ya kwenda kupima kiwanja, Chama lazima kijue kinataka gesi kiasi gani na safi kiasi gani, maana ukubwa wa kila kitu kingine hutokana na majibu hayo mawili. Tumesikia wengine wakisema tununue mtambo wa gesi safi kabisa, wa asilimia 99.999, ili tusije tukajuta. Hili twalikataa. Usafi una gharama: mtambo utoao gesi ya asilimia 95 hula hewa kiasi cha mara mbili ya gesi uitoayo; ule wa asilimia 99.9 hula hewa mara tatu au nne. Na juu ya hapo huzidi sana. Hewa ni kompresa, na kompresa ni umeme, na umeme ni ada ya mwanachama.

Lakini wale wanaotaka kilicho rahisi kabisa nao wafikiri. Ikiwa twataka kuua wadudu kwa kushusha oksijeni chini ya asilimia 1, gesi ya asilimia 99 haitatufikisha, hata tukiipuliza mwezi mzima, kwa sababu gesi hiyo yenyewe yaweza kuwa na oksijeni asilimia 1 ndani yake. Ukitaka kusuuza ndoo kwa maji ya chumvi, chumvi haiwezi kwisha. Kwa gesi ya asilimia 99.5, ili hema lifike oksijeni asilimia 1, yatakiwa kupulizwa gesi karibu mara nne ya nafasi iliyo wazi ndani ya hema. Hesabu za namna hii zifanywe na fundi ajuaye, ziandikwe, na zisomwe mbele ya wanachama kabla ya mnunuzi yeyote kutumwa.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe. Rai iliyotolewa na wengi ni kwamba mtambo uwekwe ndani ya ghala, kwa kuwa nafasi ipo na mlango una kufuli. Twaiheshimu rai hiyo lakini hatukubaliani nayo. Ghala la viungo lina vumbi, na vumbi huziba vichujio vya kompresa. Ghala hufungwa madirisha ili unyevu usiingie, na mashine hii yataka madirisha wazi. Na ghala ni mahali ambapo watu huingia na kutoka, wakalala hata usingizi juu ya magunia mchana wa joto. Lijengwe banda lake mbali kidogo na ghala, mabomba ndiyo yavuke.

Banda hilo liwe juu ya mwinuko, maji ya masika yasilifikie. Sakafu iwe ya zege nene iliyosawazishwa, yenye nguvu ya kubeba matangi na mitungi yakiwa yamejaa. Kila upande wa mashine ibaki nafasi ya mtu kupita na kufungua milango yake, kiasi cha mita moja, na juu pabaki nafasi ya kuzijaza upya punje za kaboni siku zitakapochoka. Mlango uwe mpana kuliko mashine. Mwenye kucheka na acheke, lakini mashine huagizwa kwa karatasi, na mlango hupimwa siku gari linapofika.

Banda lisiwe pwani palipo na upepo wa chumvi, maana chumvi hula mabati, nyaya na vipozeo. Lisiwe upande ambao moshi wa jenereta au wa majiko huelekea, kwa kuwa kompresa itauvuta. Na lisikaribiane na msikiti, chuo wala skuli. Kompresa ina mngurumo usiokoma, na mitungi hutoa mshindo wa hewa kila inapobadilishana zamu. Hata ikiwekewa kizuia sauti, haifai kumshindia imamu wala mwalimu.

Jambo kubwa zaidi katika banda ni joto. Karibu umeme wote unaoingia katika kompresa hugeuka joto. Tuchukue mfano wa kompresa ya kilowati 15: ni sawa na kuwasha pasi za umeme 15 katika chumba kimoja na kuziacha mchana kutwa. Chumba kikiwa hakina pa kutolea joto hilo, hewa ya ndani hupanda kupita nyuzi 40, kompresa hujizima yenyewe, na punje za kaboni hupunguza kazi yake, gesi ikatoka chache na chafu. Basi pawe na upande wa kuingilia hewa ya baridi, chini, na upande wa kutolea hewa ya moto, juu, kwa bomba pana linalofika nje kabisa ili ile ya moto isirudi.

Tuje kwenye umeme. Wazee wetu hapa Pemba wanakumbuka miaka ya kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2010 ulifika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wa kilovolti 33 na urefu wa kilomita 78 hivi, na hali ikawa njema kuliko zamani. Lakini tukumbuke pia kwamba ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kwa hitilafu ya umeme unaotoka bara. Mwenye kuishi kisiwani hafanyi hesabu zake kana kwamba waya hauwezi kukatika.

Kompresa ya ukubwa tuliousema yataka umeme wa fezi tatu, wala si ule wa kawaida unaowasha taa na friji. Mota inapoanza huweza kuvuta mkondo mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida yake, na ikiwa transfoma ya kijiji ni ndogo, taa za jirani zitafifia na mota yenyewe itateseka. Umeme ukiwa dhaifu siku zote, mota hupata joto na huungua. Kwa hiyo kabla ya mtambo kuagizwa, Chama kiandike barua kwa Shirika la Umeme, kiseme wazi kilowati zinazotakiwa, na kipate jibu la maandishi: kwamba transfoma iliyopo yatosha, au kwamba yatakiwa nyingine, na gharama ni ya nani. Uwekwe pia uanzishaji wa taratibu wa mota, ulinzi dhidi ya fezi moja kukatika, na waya wa ardhi uliopimwa. Na kwa kuwa kilowati 15 kwa saa 10 ni yuniti 150 kwa siku, mbali na kikaushio na feni, hesabu ya umeme wa mwaka iwekwe pamoja na bei ya mtambo, isije ikaonekana baadaye kama mgeni asiyealikwa.

Sasa hewa. Mtambo huu ni mlaji wa hewa, na hewa ya kisiwa chetu ina maji mengi kuliko wengi wanavyodhani. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa imebeba gramu 24 hivi za maji. Kompresa tuliyoitaja huvuta mita za ujazo kama 140 kwa saa, yaani zaidi ya lita 3 za maji kila saa, na kwa siku ya saa 10 ni zaidi ya lita 30, ndoo moja na nusu. Maji hayo hayaonekani yakiingia, lakini hewa ikibanwa na kupoa, hutoka. Yasipotolewa hufika katika punje za kaboni na kuziharibu. Mafuta ya kompresa ni adui mbaya zaidi, maana punje zilizolowa mafuta hazioshwi, hutupwa. Kwa hiyo kati ya kompresa na mtambo lazima pawe na kipozeo, tangi la hewa, kikaushio, vichujio vya maji na mafuta, na mwisho chujio la mkaa. Mwenye kutuuzia mashine bila vitu hivi, akasema tutavinunua baadaye, hatutakii mema. Na yale maji yanayotoka, kwa kuwa yamechanganyika na mafuta, yasimwagwe kisimani wala mtaroni. Yatengwe mafuta yake kwanza.

Vichujio huchoka, na kwa kawaida hubadilishwa kila mwaka au mapema zaidi. Akiba yake iwepo kisiwani kabla mtambo haujawashwa. Meli haingojei, na chujio lililo bandarini ng'ambo si chujio.

Kuhusu mabomba, yako maneno kwamba tutumie mabomba ya plastiki ya maji kwa kuwa ni rahisi na kila fundi ayajua. Twasema hapana, na tena hapana. Bomba la PVC lililojaa hewa ya mgandamizo likipasuka hurusha vipande kama kisu. Yatumike mabomba ya shaba, ya chuma kisichoshika kutu, au ya alumini yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kila tangi liwe na vali ya usalama na cheti cha kupimwa. Oksijeni inayotolewa na mitungi ipelekwe nje, juu, mbali na mlango na mbali na mahali kompresa inapovutia hewa, kwa sababu huufanya moto uwake kwa ukali; wala matambara yenye mafuta, sigara wala jiko visiwe karibu nayo.

Tumelibakiza mwisho lile tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Naitrojeni si sumu, na twaivuta kila siku. Lakini ikijaa mahali na kuifukuza oksijeni, huua, na huua bila kubisha hodi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Mtu akibana pumzi, kinachomlazimisha kuvuta hewa ni kuzidi kwa kaboni dayoksaidi mwilini, si kupungua kwa oksijeni. Kwa hiyo aliye ndani ya naitrojeni hapumui kwa taabu. Hujiona mzima, kisha huanguka. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 mahali huhesabiwa kuwa pa hatari. Ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huzimia, na chini ya asilimia 6 hufa kwa dakika chache. Katika naitrojeni tupu, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wasiosoma tu. Tarehe 19 Machi 1981, huko Florida, Marekani, mafundi wa chombo cha anga Columbia waliingia katika chumba cha nyuma cha chombo hicho baada ya jaribio, wakiamini kuwa ni salama. Chumba kilikuwa bado kimejaa naitrojeni. Mmoja alikufa siku ile ile, na wa pili baada ya wiki mbili hivi. Watu hao walikuwa miongoni mwa mafundi bora duniani. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba gesi ilikuwamo. Na bodi ya Serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza mwaka 2003 kwamba baina ya 1992 na 2002 watu 80 walikufa nchini humo kwa kukosa hewa kwa sababu ya naitrojeni. Sisi tunajua habari za mtu anayeshuka katika kisima chenye hewa mbaya, mwenziwe akashuka kumwokoa, wakafa wote wawili. Hii ni hadithi ile ile, isipokuwa kisima ni chumba chenye mlango na kufuli.

Tuifanyie hesabu. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, kimo mita 3, yaani mita za ujazo 60, kilichofungwa madirisha. Kompresa yavuta hewa kutoka nje, na mtambo watoa naitrojeni mita za ujazo 50 kwa saa. Mpira wa gesi ukachomoka usiku bila mtu kujua. Kwa kiasi cha dakika 5 tu oksijeni ya chumba itakuwa imeshuka mpaka asilimia 19.5. Baada ya saa moja itakuwa karibu asilimia 9. Mlinzi akifungua mlango kutazama ni sauti gani, huenda asitoke. Ili chumba hicho kibaki salama mpira ukichomoka, feni lazima iingize hewa safi karibu mita za ujazo 700 kila saa, bila kukoma muda wote mtambo unapofanya kazi. Ndiyo maana tumesema madirisha, na ndiyo maana tumekataa ghala.

Juu ya feni, kiwekwe kipima oksijeni chenye king'ora ndani ya banda, na kingine ghalani karibu na mahema, na taa yake ionekane nje ya mlango kabla mtu hajaingia. Mtu asifanye kazi hapo peke yake. Hema lililojazwa gesi lisifunguliwe mpaka ghala lipate upepo na hewa ipimwe. Na yafundishwe haya kwa wapagazi, walinzi na watoto wanaocheza karibu, si kwa fundi peke yake. Maana fundi ndiye anayejua, na anayekufa mara nyingi ni asiyejua.

Tunajua tutajibiwa. Wako watakaosema kwamba tukingoja banda, bei ya mtambo itapanda. Huenda ikapanda. Lakini dhamana ya mashine mara nyingi huhesabiwa tangu inapoondoka kiwandani au inapofika, si tangu siku tutakayoweza kuiwasha. Mtambo uliokaa mwaka mzima chini ya turubali, ukila unyevu na chumvi, ukingoja transfoma, ni ghali kuliko mtambo uliopanda bei.

Wengine watasema tuachane na mtambo, tununue naitrojeni ya mitungi kutoka bara. Hawa wana hoja, na twataka wasikilizwe. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa bar 200 hutoa mita za ujazo 10 hivi. Hema lenye nafasi wazi ya mita za ujazo 20 lingetaka mitungi sita au zaidi ili kufika asilimia 1, mbali na ile ya kuongezea siku zote za kungoja. Kwa kazi kubwa na ya kila mwaka, nauli ya meli itatushinda. Lakini kwa msimu mmoja wa majaribio, kwa mahema mawili matatu, twaona ni shauri jema sana. Litatuonyesha kama mahema yetu yanavuja, na wanunuzi wanalipa zaidi kwa kiungo kisichotiwa dawa au hawalipi. Hema likivuja, hata mtambo mkubwa namna gani utakuwa ukipuliza upepo.

Kwa hiyo twaomba mkutano mkuu ujao upitishe mambo matano, kwa mpango huu. Kwanza, majaribio ya msimu mmoja kwa mitungi. Pili, hesabu ya gesi na usafi wake, iliyoandikwa na fundi asiyekuwa muuzaji. Tatu, jibu la maandishi kuhusu umeme. Nne, banda lenye zege, njia ya joto, feni na vipima oksijeni, likaguliwe na wanachama wenyewe kabla ya kuitwa tayari. Tano, vijana wawili wa wanachama, wa kiume au wa kike, wapelekwe kujifunza kazi hii, ili siku mashine inaposhushwa garini wawepo wa kuipokea. Mambo hayo yakitimia, mtambo uagizwe, nasi tutakuwa wa mwanzo kupiga makofi.

Haya si maoni ya woga. Ni maoni ya watu waliokwisha kuona mashine nzuri zikifika kisiwani kwa ngoma na kuondoka kwa kimya, na waliochoka kuulizwa na wajukuu zao kitu gani kile kilichota kutu nyuma ya ghala. Fedha za Chama zimetoka mikononi mwa watu waliopanda mikarafuu kwa miguu yao, na wako ambao hawakushuka salama. Hatuna haki ya kuzitumia kwa haraka, wala hatuna haki ya kuongeza hatari nyingine juu ya ile tuliyoizoea.

Mwenye rai tofauti aje nayo mkutanoni, aiseme wazi, naye asikilizwe. Lakini kabla ya kupiga kura kila mmoja na apite pale kiwanjani, asimame, ajiulize: hapa maji ya masika hupita wapi, upepo huvuma kutoka wapi, na waya wa umeme uko umbali gani? Akishapata majibu, na apige kura yake.